Kitambaa cha Dotse

Kwetu Agbozume, mfumaji akibuni mtindo anaupa jina, na jina hilo ndilo heshima yake. Jirani yangu Dotse alibuni "Mama Mkwe Ameketi": mistari ya manjano iliyotulia, isiyotaka utani. Hesabu yote ya nyuzi aliiweka kichwani.

Kisha akaanza kuacha safu katikati na kuuliza amefikia wapi. Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Naona aibu kusema. Kumbe ni kisukari. Daktari alimweleza kwamba miaka yote hiyo sukari ilikuwa inaharibu vishipa vidogo vya ubongo, damu haifiki sawasawa, na kumbukumbu inapungua.

Siku moja mdogo wake, Agbeko, akaja karakanani na mnunuzi kutoka Accra, akamwambia Dotse kwamba mtindo ule sasa ni wake yeye.

"Wako tangu lini?" Dotse akauliza.

"Ah, kaka! Si ulinipa mwenyewe? Jumanne ya mwisho ya Februari, tunakula ugali wa akple kwako. Shemeji alikuwepo."

Enyonam, mke wa Dotse, aliyekuwa akikunja nyuzi pembeni, akajibu bila kuinua uso. "Ulimpa, Baba Yayra. Umesahau tu."

Dotse akamwomba mdogo wake radhi. Radhi! Agbeko namjua, ni mwongo tangu utotoni. Lakini Enyonam nilimwamini.

Kesho yake Dotse alinijia na kadi yake ya hospitali, kidole kwenye muhuri wa tarehe. Jumanne hiyo alikuwa amelazwa Aflao. Tukamfuata mkewe jikoni.

"Mama Yayra, siku hiyo nilikuwa wodini. Wewe ndiye uliyenipeleka, saini yako hii hapa."

Enyonam aliendelea kukoroga bamia. Hakukana.

"Agbeko ana mteja, na atatulisha. Wewe ukisahau uzi wa mwisho, tutakula nini?"

"Ungeniomba, ningempa."

"Ningekuomba, halafu ungesahau kwamba umempa. Haya, piga kelele zako leo. Kesho utakuwa umesahau."

Nilitaka kumtukana. Dotse alinivuta nje, machozi yanamtoka waziwazi.

"Kesho nikikuuliza," akaniambia, "niambie kitambaa ni changu. Alilofanya huyu usiniambie. Bado naishi naye."