Uso wa Oti Juu ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya wachonga mawe, Makongeni, Fundi Mkuu hakunipa tindo. Alinipa picha ya hekalu la Wagiriki wa kale, akaniuliza naona nini. Nikasema naona mawe.

"Tazama tena," akasema.

Nikakodoa macho hadi nikaiona hadithi: vijana na farasi wakiandamana ukutani kwenda kwa miungu yao, wametokeza kwenye jiwe bila kubanduka.

"Mchongo huu uko juu sana, binti. Kwa hiyo vichwa walivitokeza zaidi kuliko miguu, ili aliye chini avione. Nasi tutachonga hivyo hivyo."

Mtindo huo ulikuja kunikosesha usingizi. Kanisa la mtaani lilitaka juu ya mlango hadithi ya mjane wa Naini: Yesu anasimamisha mazishi, kijana aliyekufa anaketi. Kasisi akaomba kijana apewe uso wa Oti, mtoto wa pekee wa Mama Oti, muuza mboga wa soko la Muthurwa. Homa ilikuwa imemchukua. Uso huo nikapewa mimi niuchonge.

Mama Oti alikuja jiwe likiwa bado mezani. Akaligusa, akarudi nyuma.

"Huyu si Oti! Paji limefura, kidevu hakuna. Mnataka nimzike mara ya pili?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikachukua tindo nipunguze lile paji, Fundi Mkuu akanishika mkono.

"Pole, mama. Ngoja apande kwanza. Ukimkataa akiwa juu, nitamshusha mwenyewe."

Jiwe jingine hatukuwa nalo. Likapandishwa kwa winchi, Mama Oti amesimama chini, leso mdomoni. Akainua macho, akautazama ule uso. Kisha akapaza sauti:

"We Oti! Shuka hapo, utaanguka!"

Akacheka huku analia. Tulilia wote, hata Fundi Mkuu, mtu mkali kama pilipili.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kupanda jukwaa. Wachongaji wa siku hizi, wenye mashine zao, huja kwangu, mtaa wa Tena, kuniuliza habari za Wagiriki, nami huwapeleka kanisani wakajionee. Majuzi tulimkuta Mama Oti uani, kwenye kiti chake cha plastiki, amezeeka, jua likimpiga utosini. Nilimwonea huruma.

"Mama, nikusogeze kivulini, pale karibu na mlango?"

"Niache hapa, mwanangu," akasema. "Nikisogea hanioni."