Kuku Mwenye Kichwa cha Paka

Wiki iliyopita, sokoni Nizwa, muuzaji wa vitu vya kale aliupindua mtungi wa kauri wa kuwekea biskuti, akanionesha alama ya kiwanda chini yake. "Tazama na kifuniko," akasema. "Kikiwa si chake, usinunue." Nilimshukuru, nikaurudisha mezani.

Mtungi wa bibi yangu, kule Ibra, ulikuwa kuku mwenye kichwa cha paka. Bibi alikuwa na mtungi wa umbo la kuku, dada yake Bi Zuwena wa umbo la paka, kichwa ndicho kifuniko, na siku Bibi alipoondoka Unguja kuhamia Ibra walibadilishana vifuniko, warudishiane watakapoonana. Hadithi hiyo niliijua kwa moyo.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilirudi kutoka chuoni kusoma Kurani nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Ndani mlinukia ubani na kahawa, na sauti zilikuwa zikisoma pamoja, chini chini, kama nyuki. Nilidhani kuna arusi. Ubani wa arusi na wa msiba hunukia mamoja. Nikajipenyeza mpaka kwa Bibi, aliyekaa mkekani, mtungi mapajani. Akafunua kichwa cha paka, akanipa biskuti tatu zenye harufu ya iliki. Siku zote alinipa moja.

"Bibi, Bi Zuwena atakuja lini kuchukua kifuniko chake?"

Akakirudisha polepole mpaka kikakaa sawa.

"Hatokuja, mwanangu. Kifuniko sasa changu."

Mimi nilifurahi, nikambusu mkono, nikampa hongera.