Mikono Niliyoificha Mbele ya Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumapili moja ya kuchoma mahindi uani kwa wakwe zangu, hapa Malindi, karibu na hospitali. Nilikuwa kijana, nimeoa mwaka uleule, na kazi yangu ilikuwa kuangalia bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Watamu.

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuuliza. Hotelini walipotuletea mwalimu wa huduma ya kwanza, akalaza sanamu la mpira sakafuni atufundishe kukandamiza kifua cha mtu aliyesimama moyo, nilimchosha kwa maswali. Kwa nini katikati na si kushoto? Ubavu ukivunjika je? Mwishowe nikamwuliza kwa utani, "Na akiwa ni mama mkwe wangu?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akaendelea na somo, na swali langu likapita hivyo hivyo bila jibu.

Kwetu Magarini, mama mkwe hashikwi. Humpi mkono, huli naye sahani moja, na mkikutana kwenye njia nyembamba wewe unaingia majanini ili apite. Wangu alikuwa mcheshi kwa watu wote, lakini akiniona mimi huvuta leso akajifunika hadi puani, tukasalimiana kila mmoja akitazama upande wake. Niliipenda adabu ile, na bado naipenda.

Basi Jumapili ile alikuwa ameinama anapepea makaa. Akainuka, akaweka chini kipepeo chake cha moto, akaanguka. Hakulia, hakushika kifua. Mke wangu Dama akapiga ukelele, majirani wakajaa. Mmoja akamnyunyizia maji, mwingine akamketisha na kumpepea kwa leso. Kooni mwake mkatoka mkoromo, ukakatika, ukarudi. Watu wakasema anapumua, aachwe apumzike.

Mimi nilijua. Mkoromo ule mwalimu alituigizia, akatuambia huko si kupumua. Nilijua hadi mahali pa kuweka mikono. Nami, mwanangu, mikono yangu nikaitia mfukoni.

Nilisimama pale kwa muda gani? Huenda dakika mbili, huenda nne. Swali hilo nimejiuliza maisha yangu yote. Nilikuwa nikitafuta kwa macho mtu wa kumwelekeza, mwanamke, yeyote asiye mkwe.

Aliyeniona nikihangaika ni Nyanya Mbodze, mama yake mkwe wangu. Na nyanya wa mke, kwetu, ni mtu wa kutaniana naye, ila siku ile hakuwa na utani.

"We Kazungu, kuna unachokijua?"

"Kipo, nyanya, lakini huyu ni mkwe."

"Atakuwa mkwe wa nani akishakufa? Mshike mwanangu! Hayo ya ukwe tutayazungumza kesho."

Nikamlaza chali, nikapiga magoti. Kiganja juu ya kiganja, katikati ya kifua, nikakandamiza kwa nguvu na kwa haraka, karibu mara mbili kila sekunde, nikikiacha kifua kiinuke kila mara. Ubavu ukalia. Nikashtuka, nikataka kuacha, nyanya akasema endelea. Dama akakimbia dukani kwa Bwana Kanji kuomba pikapu, na humo nyuma ya pikapu tukapokezana, mimi na yeye, jasho likitutiririka. Hospitalini wakamwekea mashine, wakampiga shoti ya umeme mara moja, mara ya pili. Moyo ukashika mpigo wake.

Hata pale sikuweza kunyamaza. Nikamwuliza daktari, umeme unaoua watu umemrudishaje mtu? Akanieleza kwamba moyo una umeme wake mdogo unaoupigisha. Wa mkwe wangu ulikuwa umevurugika, moyo ukabaki kutetemeka kama samaki ndani ya mfuko, damu haiendi popote. Shoti huituliza vurugu ile ili mpigo uanze upya.

"Na mikono yangu ilifanya nini?"

"Ilipeleka damu kichwani wakati moyo hauwezi," akasema. Kisha akaniuliza yeye: "Ulianza mara tu alipoanguka?"

Mikono yangu ikarudi mfukoni.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapika, akacheka na majirani. Lakini yapo mambo yaliyompotea katika zile dakika. Alimjua Dama, alimjua Nyanya Mbodze. Mimi hakunijua tena. Kila nilipopiga hodi aliniuliza, "Wewe u nani, baba?" Nami humjibu, "Ni mkweo, mama." Hapo huvuta leso haraka, akajifunika hadi puani, akageukia upande wake. Adabu yetu aliikumbuka yote. Ila mimi mwenyewe alinisahau.

Kwa hiyo nakuusia. Mtu akianguka, ukamwita haitiki, wala hapumui sawasawa, usimketishe na usimmwagie maji. Mlaze chali mahali pagumu, tuma mtu atafute gari, nawe ukandamize kifua. Ukichoka pokezaneni, msikome mpaka wenye mashine wampokee. Awe mkwe, awe mke wa mtu, awe nani. Ukitaka kumsitiri, mtandazie leso, mikono ifanye kazi juu yake. Na swali lako likichekwa darasani, liulize tena mpaka lijibiwe.

Mungu akujaalie mikono isiyochelewa, mwanangu, na wakwe zako wakujue kwa uso na kwa jina hadi siku yao ya mwisho.