Nilimdanganya Mama Mkwe Kuhusu Udongo Wake

Nilidanganya. Sitasema niliteleza, wala sitasema shetani alinipitia. Nilisimama kwa shamba la mama mkwe wangu huko Olenguruone milimani, jembe mkononi, nikamwangalia machoni na nikadanganya.

Mtanitukana, najua. Tukaneni! Lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nakuru. Utafiti wangu ni wa kujua bonde letu lilikuwa na joto au baridi kiasi gani miaka maelfu iliyopita. Bakteria wanaoishi kwa udongo wana mafuta mwilini. Mahali pa baridi wanayatengeneza hivi, mahali pa joto wanayatengeneza vile. Wao hufa, mafuta yanabaki. Mvua inayasomba mpaka ziwani, yanazikwa kwenye tope, na yanakaa huko mpaka sisi tuyachimbe na kuyasoma.

Lakini huwezi kusoma ya zamani kama hujapima ya leo. Kwa hivyo nilichota udongo kuanzia Naivasha kwenye joto, nikapanda nao mpaka juu kwa Mama, ambako asubuhi vidole vinakufa ganzi.

Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa ameniambia, "Usiwachanganye na mambo ya bakteria. Sema unapima mbolea. Mbolea kila mkulima anaelewa."

Simsingizii. Mdomo uliosema ni wangu.

"Unachimba nini, msichana wangu?" Mama aliniuliza.

"Udongo tu, Mama. Tunapima tujue mbolea gani inafaa viazi vyako, hizi waru."

Alifurahi, jamani! Akanivuta mkono mpaka kando ya ua. "Chukua na hapa pia. Hapa waru zimenikataa kabisa."

Baadaye akawa ananipigia simu. "Majibu yametoka?" Namwambia bado, Mama. Wiki nyingine, bado. Nikaona ni usumbufu tu, atasahau.

Hakusahau. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kwao, hata hakukaa. "Mvua imenyesha, majirani wote wamepanda. Shamba la Mama ni tupu. Anasema anangoja karatasi yako."

Wee!

Kesho yake nilipanda huko. Nilimkuta jikoni, nikamwambia yote: hakuna karatasi, hakuna mbolea, ni mafuta ya bakteria na baridi ya zamani.

Akachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akauinamisha. Hayakusonga.

"Huku yanaganda. Kwako Nakuru je?"

"Huko ni laini, Mama. Wakati mwingine ni maji."

"Sasa hao wadudu wako wanabadilisha yao yasigande kwa baridi. Si ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Na hii ndiyo uliona siwezi kuelewa?"

Heri angenipiga kofi!

Kisha akasema neno moja la mwisho: "Toa udongo wangu kwa vitabu vyenu."

Udongo wake ndio uliotoka mahali pa juu zaidi, pa baridi zaidi. Bila huo, kazi yangu ina shimo. Msimamizi alicheka niliposema nautoa. "Udongo ni udongo. Hata hatajua."

"Ni wake, na amekataa."

"Basi hutamaliza na wenzako."

"Basi sitamaliza."

Na kweli sikumaliza. Wenzangu walivaa joho, mimi nikiwa nyumbani nafua nguo za watoto. Nililia? Nililia sana. Ningeambiwa nichague tena leo, bado ningeutoa.

Shemeji zangu nao wakaniita kwa kikao. Wakataka niache hayo matope, niombe msamaha, nyumba itulie. Msamaha niliomba, kwa magoti. Masomo sikuacha! Kosa lilikuwa uongo wangu, si kazi yangu. Nataka kujua bonde hili lilikuwaje kabla yetu, na sitaona haya kwa hilo mbele ya mtu yeyote.

Nilirudi milimani, nikabisha hodi kwa mzee nisiyemjua, shamba lake liko juu kama la Mama. Safari hii nilisema kila kitu, mafuta, bakteria, tope la ziwa.

"Na mimi nitapata nini?" akauliza.

"Hakuna, mzee. Nitarudi kukuambia tulichokipata, basi."

Akafikiria kidogo. "Chimba. Lakini si hapo, hapo nimepanda vitunguu."

Dakika chache tu! Ukweli wote ulichukua dakika chache, na mimi nilikuwa nimeukwepa nikamharibia mama wa watu msimu mzima. Mwaka huo Mama alikula waru za kununua, yeye ambaye watu hununua kwake. Mpaka leo nikimsalimia anaitikia, halafu anaendelea na kazi yake. Ana haki.

Siombi mnihurumie. Nasema na wewe unayejiandaa kwenda kwa mkulima na fomu zako, ukiamini kusoma kwako kumekufanya umshinde akili. Mweleze kazi yako kama ilivyo. Akikataa, beba jembe lako uende.

Na kama tayari umemdanganya, rudi ukamwambie mwenyewe kabla mvua haijanyesha. Mimi nilichelewa.