Cheti Nilichokiacha Rumonge

Binti wa jirani yangu alinipigia simu juzi. Yeye na mumewe wanakwenda kupanda meli kubwa, ile ya matembezi, watu wanazunguka majini wiki nzima wakila na kupiga picha, halafu wanarudi walikotoka. Alitaka kujua abebe nini. "Shangazi, pasipoti inatosha, au nichukue na karangamuntu? Na cheti cha ndoa je?" Nilicheka mpaka akaudhika. Nikamwambia, beba vyote mwanangu, beba hata kadi ya kliniki, wewe jina lako ni moja kila mahali, unaogopa nini? Akadhani namfanyia dhihaka. Wala! Nilimwonea wivu, nikakata simu nikiwa na hasira ambayo yeye hakuhusika nayo.

Karangamuntu ndicho kitambulisho cha raia kwetu Burundi. Yangu ya kwanza niliipata Rumonge. Ilikuwa na picha yangu, alama ya kidole changu, na jina la dada yangu aliyekufa.

Nieleze. Dada alinitangulia kwa miaka mitatu. Aliugua homa, siku tatu tu, akafa mimi sijaanza kutembea. Baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, hakwenda ofisi ya komini kutangaza kifo chake, na mimi nilipozaliwa hakuwa amekwenda kutangaza kuzaliwa kwangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu ulikuja siku ya kuniandikisha shule. Mkuu wa shule alitaka karatasi ya kuzaliwa. Baba akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa ya dada. "Yeye haihitaji tena," akasema. Wala hakuwa peke yake. Pale kwetu watoto wengi walisoma kwa karatasi za ndugu zao marehemu na hakuna aliyeshangaa. Ulikuwa na jina la shule na jina la nyumbani, kama ulivyokuwa na viatu vya shule na ndala za nyumbani.

Aliyeshangaa ni mama. Hakusema na baba siku nne. Tangu walipomzika dada hakuwahi kulitamka jina lile, na kwangu hakulitamka hata mara moja, hata siku mwalimu alipokuja nyumbani kunisifu. Mwalimu alinitaja kwa jina la marehemu, mama akamjibu, "Ndiyo, huyu anapenda kusoma," kisha akaingia jikoni akakaa huko mpaka mgeni alipoondoka. Jina langu mwenyewe lilikuwa kwenye karatasi moja tu duniani, cheti cha madrasa nilichopewa nilipohitimu msahafu. Mama alikifunga kwa plastiki akakitundika ukutani.

Vita vilipotufikia, baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye niliyeshika cherehani yake. Nilikuwa nimekwenda Kabezi kupeleka sare za shule nilizoshona. Barabara ya ziwani ikafungwa, magari yakazuiwa, nikalala kwa watu siku tisa. Niliporudi Rumonge mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Mama alikuwa amevuka na watu wa mtaa, boti tatu zilijaa siku moja, wakaelekea Kigoma. Jirani zetu wote walikwenda. Hata yule mama mgomvi wa nyumba ya pili, ambaye tulikuwa tukigombania maji ya bomba kila asubuhi, alikwenda. Nilimkumbuka hata yeye, wallahi.

Nilikaa pale miaka miwili na kitu. Walikuja wapangaji wapya, watu waliokimbia vita vilimani, wengine kutoka Kivu, na wote walinijua kwa jina lililo kwenye orodha ya mkuu wa mtaa, yaani la karangamuntu. "Amahoro, fulani," wananiambia, na mimi naitika. Niseme wazi, nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuogopa. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika mji ule aliyejua ninaitwa nani. Jioni nikifunika cherehani nilikuwa nikijiita mwenyewe, kwa sauti, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Halafu najisonya. Mwanamke mzima!

Ndipo barua ikaja, imeletwa na mchuuzi wa dagaa, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya mama kwa sababu yeye hakujua kusoma. Alikuwa kambini, upande wa Tanzania. Alikuwa ameniandikisha kwenye kadi yake ya familia kama binti aliyebaki nyuma. Sasa ilikuwa inakuja hesabu mpya ya watu, na ambaye hatakuwa amefika kabla ya hesabu atafutwa. Akija baadaye atahesabiwa kama mtu asiye na ndugu na kupelekwa kambi nyingine, mbali, mama hakujua wapi. Mwisho aliandikisha hivi: "Nimetaja jina lako. Uje na cheti cha madrasa. Usije na ile nyingine."

Ile nyingine! Hata katika barua hakutaka kuiita.

Nilitandika mkeka mchana ule nikazipanga karatasi zangu juu yake. Zilikuwa tatu. Ya kwanza karatasi ya kahawia ya babu, ya zama za Wabelgiji, iliyosema ametoka ng'ambo, Kongo. Hiyo niliirudisha sandukuni upesi, maana wakati ule kuonekana unatoka ng'ambo ilikuwa kujitakia maswali. Zikabaki mbili. Bila karangamuntu askari wa bandarini hawakuruhusu hata kukanyaga mchanga wa forodhani. Bila cheti cha madrasa, kule kambini mimi si mtoto wa mtu. Moja ya kuondokea, nyingine ya kufikia. Basi beba zote mbili, utasema. Na mimi nilisema hivyo. Mimi ni fundi, nashindwaje kuficha karatasi? Nilifumua pindo la kitenge, nikakikunja cheti mara nne, nikakishona ndani kwa mshono wa mkono, mdogo, ambao hata baba angeusifu.

Jirani yangu mpya, mama mmoja wa Kivu aliyekuwa akiuza mawese, aliingia kuniaga akanikuta nakata uzi. Nikamweleza. Akakaa chini.

"Mutoto yangu," akasema, "iko karatasi mbili, iko na majina mawili, na sura ni moja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe si musafiri. Kwa hao watu wewe ni mupelelezi."

Akanisimulia habari ya mwanamume aliyekuwa naye garini, wakati wanatoka Bujumbura. Walisimamishwa Magara. Yule bwana alikuwa na kitambulisho mfukoni na kadi ya ubatizo katika soksi, majina hayafanani. Labda naye alisoma kwa karatasi ya ndugu yake, nani ajuaye. Alianza kueleza, wakamwambia ashuke akaeleze vizuri. Gari likaondoka bila yeye. "Mushika mbili moja humuponyoka," akasema, "na saa ingine zinamuponyoka zote." Kisha akanishika mkono. "Chagua ya kukutoa hapa. Kule iko mama yako. Mama hahitaji karatasi."

Nilimkasirikia kwa kuwa alisema kweli. Alipotoka nikafumua pindo tena. Nikajichoma sindano. Nilimpelekea cheti anitunzie, akakiweka kati ya kurasa za Biblia yake, cheti cha madrasa ndani ya Biblia, na sote wawili tukacheka kidogo.

Forodhani Rumonge asubuhi tulipanga foleni. Askari alikuwa na mafua. "Zana karangamuntu," akasema kwa Kirundi, yaani lete. Nikampa. Akaitazama picha, akanitazama, akasoma jina la dada kwa sauti na kuniuliza: ni wewe? Nikasema ni mimi. Akanirudishia akapenga kamasi. Basi! Hakunipekua. Hakuna aliyegusa pindo langu, hakuna aliyegusa pindo la yeyote siku ile. Ningeweza kubeba cheti, ningeweza kubeba sanduku zima na karatasi ya babu juu yake. Nilisimama pale mchangani nimeshika kitenge changu nikataka kurudi mbio nyumbani, lakini nahodha alishaanza kupiga kelele, wenye kupanda wapande, na boti lenye kwenda lilikuwa moja.

Tulikaa juu ya madumu ya mawese. Wanawake waliokuwa karibu yangu walikwenda kwa waume zao au kwa watoto, walizungumza, waligawana mihogo ya kuchemsha. Mmoja aliniuliza jina. Nikashindwa la kumwambia. Nikajifanya nimeshikwa na kichefuchefu, akanihurumia, akanipa ndimu ninuse. Siku nzima nilinusa ndimu nisiyoihitaji kwa sababu ya uongo wangu. Tulilala ufukweni njiani, na kesho yake mchana tukashuka Tanzania, tukapakiwa lori hadi kambini.

Penye lango kulikuwa na meza chini ya turubai, na nyuma ya meza kijana wa Kitanzania, nadhifu, mwenye daftari kubwa, kalamu nyekundu na rula. Alikuwa mpole, lazima nimpe haki yake.

"Karibu dada. Una ndugu hapa?"

Nikamtaja mama. Akafunua kurasa, akaweka kidole. "Ndiyo, yupo. Ana binti mmoja aliyebaki Rumonge." Akachukua karangamuntu yangu, akatazama, akatazama daftari. "Lakini jina si hili."

"Hilo la daftarini ni jina langu la nyumbani."

"Una karatasi yenye jina hilo?"

"Niliiacha."

Akavuta pumzi. "Dada yangu, kila anayefika hapa na jina lisilo lake ana karatasi aliyoiacha. Watu wanauziana nafasi za watu waliobaki, unajua? Nisipoangalia, kesho mwenyewe atakuja, nami nitamwambia nini?" Nikataka kumfokea. Nilikuwa nimechoka, nanuka mawese, na mwenyewe alikuwa ndiye mimi. Akaniambia nikae kwenye benchi nisiseme neno, akamtuma mtu kumwita mama.

Mama alikuja akiegemea fimbo. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba, lakini kanga alikuwa ameifunga kwa namna yake ileile. Nikainuka. Kijana akaninyooshea mkono: "Kaa, tafadhali. Usimsemeshe." Nikakaa. Mama alisimama hatua tano kutoka kwangu, mdomo wake ukiwa wazi.

"Mama, unamfahamu huyu?"

"Ni mwanangu."

"Anaitwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mimi sikujibu barua yake. Hakujua nimekuja na karatasi ipi. Alikuwa ameniagiza cheti cha madrasa, na mimi ni mtoto niliyemtii maisha yangu yote. Akilitaja jina langu, jina nililolingojea miaka miwili nilisikie kinywani mwake, nimekwisha. Nitapakiwa lori jingine. Nikabana meno nikamtazama tu.

Mama alitazama mikono yangu. Haikuwa na kitu. Akatazama meza. Karangamuntu ilikuwa imelala pale kifudifudi, kadi tupu upande ule, na hata ingegeuzwa asingeweza kuisoma. Lakini cheti kile alikijua, alikifunga kwa plastiki mwenyewe, kilikuwa kikubwa kama sahani. Aliona hakipo. Kijana akamuuliza, taratibu, kama angependa kukaa.

Akakataa kukaa. Akalitaja jina la dada.

Alilitaja lote, na la baba, na la babu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuwa akiliita kila siku. Kijana akageuza kadi, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. "Sawasawa. Na huyu uliyemwandikisha kwanza, aliyebaki Rumonge? Mbona hukututajia kwamba wako wawili?"

"Nilichanganyikiwa, baba. Ilikuwa vita."

"Yeye atakuja lini?"

"Hatakuja," mama akasema. "Amekufa."

"Lo. Kwa maradhi gani?"

"Homa. Siku tatu tu."

Kijana akaweka rula chini ya jina langu, akashika kalamu nyekundu, akaisogeza rula juu kidogo, na kupiga mstari ulionyooka. Akamwambia mama pole. Akanigeukia na mimi. "Pole, dada, kwa kufiwa na mdogo wako."

Mama alikuwa ameinamisha uso. Ilibidi mtu ajibu.

"Tumeshapoa," nikasema.