Sahihi Mbele ya Karani

Kanuni ile niliiandika mimi mwenyewe, kwa hasira, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Kikundi chetu ni cha Wakenya wa Riyadh na Jeddah, wengi wetu wanawake wa kazi za nyumbani, na madereva na walinzi wachache. Kila mji huchagua mjumbe wake. Kazi ya mjumbe ni moja tu: mwenzetu akikwama, ampigie simu kafili wake, yaani mwajiri aliyeshika karatasi zake, aongee naye kwa adabu na kwa Kiarabu kinachoeleweka, amuulize kuna nini. Mimi nilikuwa karani. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina mwandiko mzuri na mdomo mrefu.

Mara ya kwanza tulipiga kura kwa simu. Dereva mmoja alikuwa na laini tatu, akapiga kura tatu, kisha akajisifu mbele za watu kama aliyefanya jambo la maana. Nilikasirika sana. Ijumaa iliyofuata tulikutana sebuleni kwa mke wa dereva mwingine, huku Malaz, mtaa wa Riyadh, nikasoma kanuni yangu mpya: anayetaka mjumbe aondolewe atatia sahihi kwa mkono wake, kwa kalamu, mbele ya karani, na ataandika namba ya ikama yake, yaani kibali chake cha kuishi huku. Sahihi zikizidi nusu ya wanachama wa mji ule, mjumbe ameondoka, na karani atashika kazi yake mpaka uchaguzi mwingine. Watu wakapiga makofi. Tukala chapati.

Hakuna aliyeuliza karani anakaa wapi. Nilikuwa nakaa Malaz, ghorofa ya nne, kwa madam wangu. Jeddah ni safari ya siku nzima kwa gari. Na sisi ni watu ambao hata kwenda dukani kununua sabuni tunaomba ruhusa. Nilikuwa nimewapa watu haki na kuifungia mlango, na sikujua.

Nilijua baadaye, mwenzetu mmoja wa Jeddah alipokwama. Alikuwa mama wa makamo, mkataba wake umeisha, na familia ikawa haitaki kumwachilia. Alifungiwa ghorofa ya tatu. Simu yake alipewa Ijumaa peke yake, saa moja, azungumze na watoto wake. Katika saa hiyo alichukua dakika mbili kututumia sauti. "Mjumbe, umempigia?" Mjumbe akajibu kwamba atapiga. Ijumaa nyingine, swali lilelile, jibu lilelile. Kufikia Ijumaa ya tano sauti ya yule mama ilikuwa imepungua, na mimi nilishindwa kula.

Mjumbe huyo nilikuwa nimekuja naye ndege moja. Tulijifunika blanketi moja usiku ule wa safari, sote tunalia. Lakini niliandika kwenye kundi letu la simu, mbele ya kila mtu, kwamba amekuwa mwoga na aondolewe. Niliandika kwa raha. Nasema ukweli, niliandika kwa raha.

Wanachama wa Jeddah walikuwa ishirini na mmoja. Tulihitaji sahihi kumi na moja, na tulitaka zipatikane kabla ya Ramadhani, maana Ramadhani hakuna mfanyakazi wa nyumbani anayepata hata nafasi ya kukaa. Nikawaza namna ya kufika Jeddah mpaka kichwa kikaniuma. Kisha shule zikafungwa na madam akasema, "Yalla, funga mizigo, tunaenda kwa mama." Mama kabira, mama mzazi wa madam, anakaa Jeddah. Nilimshukuru Mungu. Karatasi niliificha ndani ya pakiti ya nepi za mtoto.

Kuna sehemu ya watoto kuchezea ndani ya maduka makubwa ya kule. Mamadam hukaa mbali kidogo na kahawa zao, nasi tunakaa pembeni kwenye magodoro laini, tumeshika viatu vya watoto. Ukitaka kuwaona Wakenya wa Jeddah, nenda hapo. Walikuja mmoja mmoja, siku tatu mfululizo, kila mmoja akijifanya anamfuata mtoto.

Wa kwanza tu akanikwamisha. "Namba ya ikama? Aki karani, hiyo nitatoa wapi? Ikama iko kwa kafili. Mimi hata sijawahi iona vizuri."

Wa pili alisema hivyohivyo. Wa tatu namba aliijua, lakini alikataa kuiandika. "Hiyo karatasi ikishikwa, hiyo namba ndiyo itanitafuta hadi kitandani."

Nikakaa nikiitazama kanuni yangu. Mwishowe nikawaambia waandike jina la shule ya msingi waliyosoma. Laini tatu za simu mtu anaweza kununua, lakini hawezi kuwa na shule tatu alizosoma darasa la kwanza, na hakuna bosi ambaye angeliona jina la shule ya kijijini akashtuka. Mmoja wao hakujua kuandika. Nikampaka rangi ya mdomo kwenye kidole gumba, akabonyeza, akacheka mpaka madam wake akageuka kutazama. Niliikalia karatasi.

Siku ya tatu, zikiwa zimefika sahihi kumi, mjumbe mwenyewe akaja, akisukuma kigari cha mtoto. Alikaa kando yangu bila salamu.

"Nilipiga," akasema. "Mara moja. Huyo mzee, kafili wake, akaniuliza jina langu na jina la kafili wangu. Nikakata."

Akaitazama karatasi.

"Niandikie hayo juu ya hiyo karatasi. Anayetia sahihi ayasome kwanza. Si ni haki yangu, dadangu?"

"Kanuni haisemi hivyo," nikamwambia. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Karatasi ilikuwa na nafasi tele juu. Sikuandika.

Ilibaki sahihi moja, na watu waliosalia hawakuwa na njia ya kutoka. Akabaki yule mama mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka kwa mama kabira. Ijumaa iliyotangulia, endapo sahihi zingepungua, tulikuwa tumepatana: Jumanne saa nne asubuhi, wakati natoa takataka, awe dirishani upande wa nyuma. Dirisha lina nondo, lakini kamba inapita. Na kutoka dirishani angekuwa mbele ya karani, maana ningemwona kwa macho yangu. Nilijiona mwerevu sana.

Alikuwepo. Uso mwembamba nyuma ya nondo, na kamba ya kuanikia nguo ikishuka polepole, kibanio cha nguo mwishoni. Nikabana karatasi na kalamu. Ilipokuwa imefika ghorofa ya pili ndipo nikatambua nilichofanya. Ningeweza kumpa karatasi tupu. Ningeweza kuchana kipande kidogo, atie sahihi pale, tukaunganisha baadaye. Badala yake nilikuwa nimepandisha majina ya watu kumi katika nyumba ya kafili yule yule tunayemwogopa. Nikanyoosha mkono kama ningeweza kuifikia.

Karatasi ikapita kwenye nondo. Nilimwona akiisoma, kichwa kimeinama, anasoma muda mrefu mno. Kisha akageuka ghafla kutazama nyuma yake, na dirisha likafungwa.

Nilisubiri karibu na pipa la takataka mpaka mlinzi wa jengo akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana.

Kutoka Jumanne hadi Ijumaa sikulala vizuri. Kila simu ya madam ikilia nilijua ni kafili yule, amempata kila mmoja wetu. Nilichoma shati la mume wa madam kwa pasi. Nilimpa mtoto maziwa ya baridi. Wale kumi walikuwa wakiniuliza kwenye simu kama imekamilika, nami nikawajibu, "Bado kidogo." Majina yao nilikuwa nayo kichwani, nikiyapitia kama mtu anayekagua nguo kwenye kamba kabla ya mvua. Walionipa sahihi waliniamini mimi, si kanuni.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, sauti ikaingia. Nilikuwa jikoni naosha masufuria. Nikajifuta mikono kwenye gauni.

"Karani, habari. Siku ile madam aliingia na nguo za kupiga pasi. Nikaenda nayo chooni, nikaichana, nikaimwagia maji ikaenda. Yote. Hakuona kitu. Lakini nilikuwa nimeisoma mara tatu. Tangu nifike hii nyumba sijasoma neno la Kiswahili, kwa hivyo niliisoma kama barua ya nyumbani. Nitakuambia walioandika."

Akayataja. Majina kumi, kwa mfuatano wa karatasi, na shule ya kila mmoja. Alipofika kwa yule wa rangi ya mdomo akataja jina, akasema huyu ana kidole, hana shule, na nikasikia anatabasamu. Kisha akataja jina lake na shule yake. "Mimi ni wa kumi na moja. Sikuweka kalamu. Sasa hiyo itahesabika ama haitahesabika, wewe ndiye unajua kanuni. Saa yangu imeisha."

Nililia juu ya sinki.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliandika kwenye kundi maneno ya mjumbe, yote, jinsi alivyoyasema pale kwenye magodoro, pamoja na kule kukata simu. Nikawaambia wale kumi wasome, kisha kila mmoja aseme kwa sauti yake kama bado anataka jina lake liwepo. Kufikia jioni sauti kumi zilikuwa zimeingia. Mbili zilimwombea mjumbe msamaha, lakini zilibaki. Nikaandika kwamba sauti zote kumi na moja, pamoja na ya yule mama, zimehesabiwa kama sahihi.

Mjumbe hakubisha. Kesho yake alikuja tena pale madukani na kigari chake, nikamwekea sauti ya yule mama kwa sababu kwenye kundi alikuwa hajaisikiliza. Aliisikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie pale pa majina.

"Hesabu yako ni sawa," akasema. "Mimi nimetoka, sina neno. Lakini niulize tu. Umekaa hapa Jeddah siku nane, mtaa wa pili kutoka kwake. Kiarabu chako kinashinda changu. Wewe ulimpigia huyo mzee mara ngapi?"

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimekusanya sahihi kumi na moja za kumwondoa mtu kwa kukata simu ambayo mimi sikuwahi hata kuipiga.

Akanipa namba ya mzee yule, imeandikwa nyuma ya risiti. "Halas, basi. Mjumbe sasa ni wewe, si ndivyo ulivyoandika?"

Ndivyo nilivyoandika. Mjumbe akiondolewa, karani atashika kazi yake. Niliweka sentensi ile ili ukurasa ujae.

Yule mama alipanda ndege miezi minne baadaye, na haikuwa kazi yangu peke yangu. Zilipigwa simu nyingi, na baadhi yake alizipiga mjumbe wa zamani, bila cheo. Lakini ninayoikumbuka ni ya kwanza. Nilikuwa kwenye ngazi za nyumba ya mama kabira, mlango nimeuegemea kwa mgongo ili mtu asitoke. Simu ililia mara nne. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe chekundu muda wote.

Akapokea. Nikamsalimia kwa adabu zote ninazozijua, nikamwambia ninauliza habari za mfanyakazi wake. Kisha akauliza nilichojua atauliza: jina langu ni nani, na kafili wangu ni nani.

Nikamwambia yote mawili, polepole, kama mtu anayeandikiwa barua.