Mashine Haina Shemeji

Nilifika Iringa juu ya lori la mchele lililotoka Chimala, nimejibana kati ya magunia na turubai, mvua ikinipiga tangu Makambako. Kutoka Mbalizi nilikozaliwa hadi Iringa ni safari ya siku moja. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka ishirini. Nilimaliza kidato cha nne nikaenda Tunduma kupakua malori, na baada ya hapo nikazunguka: machimbo ya Chunya, chai Rungwe, korosho Mtwara, dhahabu Geita, kisha Chunya tena, kama mtu aliyesahau kitu. Nikiwa Mtwara niliikumbuka baridi ya kwetu hadi harufu ya moshi wa kuni asubuhi. Nikirudi kwenye baridi, nalikumbuka jua la Mtwara. Mama aliniambia kwenye simu kwamba nina miguu ya mbuzi aliyekata kamba.

Jioni ile nilielekezwa kwa mjane wa Kihehe aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Alinisalimia, "Kamwene," akanisogezea kiti karibu na moto, akaniuliza nimetoka wapi. Huku kwetu mgeni akiulizwa hivyo hajibu kwa neno moja. Anaeleza njia yote, na mwenyeji anapomsikiliza anajua amepokea mtu wa namna gani. Nikamweleza kila mahali nilipopita na kwa nini niliondoka. Nilipomaliza alikuwa ameshaivisha ugali.

"Basi umechoka, mwanangu," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Nilipata kibarua kwenye ghala la kufungasha parachichi za kwenda nje, nikawa naingiza makreti kwenye chumba cha baridi. Msimamizi wetu alitoka Mbeya kama mimi, na kwa ajili hiyo tulikula pamoja mchana, tukicheka jinsi Wahehe wanavyotucheka. Alikuwa akiniambia, "Kaka, nafasi ya mkataba ikitoka tu, ya kwanza ni yako." Nilimwamini. Msimu ukaisha, nikasubiri mwingine. Ukaja wa tatu, na bado nilikuwa pale, jambo ambalo halikuwahi kunitokea popote.

Mkataba ule niliutaka kwa ajili ya mama. Alikuwa amebaki peke yake Mbalizi, magoti yakimsumbua, nami nilitaka aje tuishi pamoja. Alikataa kuja kwa kibarua.

"Nije kwa mtu anayeajiriwa asubuhi na kuachwa jioni? Siku ukipata kazi ya kueleweka, niambie nifunge mizigo."

Mwanzoni mwa msimu wa nne makao makuu walileta mfumo mpya wa kuajiri, wa akili mnemba. Msimamizi alitukusanya mbele ya ghala, akapanda juu ya kreti.

"Safari hii hakuna kujuana," alisema. "Mtahojiwa na mashine, kwenye simu. Mashine haina shemeji!"

Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu sikuwa na shemeji popote. Baadaye aliniita pembeni. "Kaka, wewe iambie ukweli wote, usifiche kitu. Yako hiyo." Siku hiyohiyo nikampigia mama, nikamwambia mambo yanakaribia.

Mashine ilinisalimia vizuri kuliko watu wengi walionihoji maishani. Ikaniomba niieleze safari yangu ya kazi tangu nilipomaliza shule. Nikafanya kama nilivyofanya mbele ya moto wa yule mjane. Nikaipa njia yote: Tunduma, Chunya, Rungwe, Mtwara, Geita, Chunya tena. Nilieleza kwamba sasa nimechoka, nimefika. Ikanishukuru. Chai yangu ilikuwa bado ya moto jibu lilipoingia: sifa zangu haziendani na nafasi hii kwa sasa.

Nilikwenda kwa msimamizi na simu mkononi. Aliisoma, akanirudishia bila kuniangalia.

"Inapima nani atakaa na nani ataondoka. Wewe umehamahama sana, kaka."

"Hapa nimekaa misimu mitatu."

"Vibarua hawamo kwenye mfumo. Kwa mashine, hapa hujawahi kufika."

"Si uwaambie wewe? Wewe umeniona."

"Mashine ikishakataa, mimi nani?"

Nilikubali. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilikubali na hata nikamwonea huruma. Tuliendelea kula pamoja.

Jumamosi moja nilikaa kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, karibu na kijana mmoja aliyepata mkataba. Alikuwa amechangamka. Nikamwuliza alijibu nini mpaka mashine ikampenda.

"Inipende? Bro, mimi niliambiwa sina uzoefu! Ikanikata palepale." Akacheka, akafuta mdomo. "Shemeji akanirudisha. Msimamizi ana ruhusa ya kumrudisha mtu, akiona majibu ya mashine yana kasoro. Dada alimnunia siku mbili tu, akalegea."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Jumatatu nilimsubiri msimamizi mlangoni pa chumba cha baridi.

"Umemrudisha shemeji yako."

"Nilikuwa na nafasi moja ya kumrudisha mtu, kaka. Moja. Ningekuwa nimemwoa dada yako, ungenielewa."

"Ulisema wewe si kitu mbele ya mashine."

"Sasa ningekuombea wewe, halafu ukaondoka kweli kama ilivyosema, mimi ningejibu nini huko juu?"

Mashine sikuwahi kula nayo ugali. Ilinipima kwa ilichopewa, na haikupewa misimu yangu mitatu. Huyu alikuwa nayo yote. Aliniona nikifika kabla ya lango kufunguliwa, akaniona nikikataa kazi Mafinga ili nisikose zamu yake. Alijua mashine imekosea, akajificha nyuma ya kosa lake.

Nilimpigia mama. Kabla sijasema kitu aliniambia sufuria kubwa ameshampa jirani, ila kinu anakuja nacho, kwa sababu vinu vya Iringa hajavizoea. Nilimwambia asubiri kidogo. Akasema, "Haya, baba," kwa sauti ya mtu anayekaa chini taratibu. Sikuweza kwenda kumtazama usoni.

Siku niliyoondoka yule mjane alinikuta nafunga begi. Aliniuliza nakwenda wapi. Ndiye mtu aliyesikia njia yangu yote, na sasa sikuwa na njia ya kumweleza. Nilisema Dodoma, kwa kuwa ndilo basi la kwanza.

Tulipita mbele ya ghala wakati vibarua wanapanga mstari langoni. Msimamizi alikuwa amesimama pale, akaliangalia basi, sijui kama aliniona. Lakini najua, kwa simu ya kibarua mwenzangu, alichosema walipomweleza kwamba sikufika kazini. Alisema mashine ilijua.